Motokaa Iliyoponzwa na Kipande Kidogo

Kila mmoja awe na karatasi na kalamu yake, na yule atakayesoma kwa niaba ya darasa leo akae mahali penye mwanga, asome polepole na kwa sauti ya kusikika. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matatu: injini, sili, dhamana. Tutayaeleza yote, kila moja kwa wakati wake.

Tukisema historia, wengi hufikiri habari za wafalme na vita. Leo tutasoma habari za motokaa moja. Huenda mtu akauliza, "Je, motokaa nayo ina historia?" Naam, inayo. Chombo chochote kilichoundwa kwa mikono ya watu kina historia, kwa kuwa nyuma yake wamo watu waliokifikiri, waliokiunda, waliokinunua, na waliopata hasara kwa ajili yake.

Motokaa yetu ya leo iliitwa NSU Ro 80. Iliundwa Ujerumani ya Magharibi tangu mwaka 1967 hata mwaka 1977. Ilikuwa gari kubwa la milango minne, la anasa na la mwendo wa kasi, na wajuzi wa magari waliisifu sana. Lakini kampuni iliyoiunda haikudumu. Gari lilipotimiza miaka 2 tu tangu kuonyeshwa, kampuni ile ilikuwa imekwisha kuingia chini ya mkono wa kampuni nyingine. Swali letu ni hili: kwa nini? Someni mpaka mwisho, kisha mtajibu wenyewe.

KAMPUNI NA MJI WAKE

Kusini mwa Ujerumani kuna mto uitwao Neckar, na kando ya mto huo uko mji mdogo uitwao Neckarsulm. Mwaka 1873, katika mji mwingine uitwao Riedlingen, Christian Schmidt na Heinrich Stoll walianzisha karakana ya kuunda mashine za kufuma. Mwaka 1880 kazi hiyo ilihamishiwa Neckarsulm. Kampuni iliona baiskeli zinapendwa, ikaanza kuunda baiskeli mwaka 1886. Mwaka 1901 ikaanza kuunda pikipiki.

Herufi N, S na U zilizoandikwa juu ya vyombo vyake zilitolewa katika jina la mji. Liandikeni jina Neckarsulm katika karatasi zenu, kisha zitafuteni herufi hizo tatu. Mtaziona zikifuatana kwa mpango huo huo: N, kisha S, kisha U.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wajerumani wengi hawakuwa na fedha za kununua motokaa. Walinunua baiskeli na pikipiki, na NSU ikastawi sana. Katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za pikipiki duniani. Lakini watu walipoanza kupata fedha zaidi, walitaka chombo chenye paa, ambacho mtu aweza kupanda pamoja na mkewe na watoto wake bila kulowa mvua. Biashara ya pikipiki ikapungua. Basi mwaka 1958 NSU ikaanza kuuza motokaa ndogo.

Hapo ikakutana na wakubwa. Volkswagen, Opel na Ford walikuwa na viwanda vikubwa na fedha nyingi. Mwenye duka dogo akifungua mlango wake kando ya duka kubwa, hana budi kutafuta bidhaa ambayo mwenzake hana. NSU nayo ilitafuta kitu ambacho wakubwa hawakuwa nacho, ikaamini kuwa imekipata.

MTU ALIYEWAZA INJINI YA KUZUNGUKA

Kitu hicho kilitoka katika kichwa cha mtu mmoja aitwaye Felix Wankel. Alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Lahr. Hakusoma katika chuo kikuu. Ufundi wake mwingi alijifunza mwenyewe. Tena macho yake hayakuwa mazuri, wala maisha yake yote hakupata leseni ya kuendesha gari. Hata hivyo aliwaza injini mpya ya gari, na mwaka 1929 alipata hati ya kwanza ya kulinda uvumbuzi wake.

Ili tuelewe wazo lake, kwanza tuitazame injini ya kawaida. Injini ndiyo mashine inayochoma petroli na kuligeuza joto lake kuwa nguvu ya kusukuma gari. Ndani ya injini ya kawaida mna matundu ya mviringo yaitwayo silinda, na ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka, kama mchi unavyopanda na kushuka ndani ya kinu. Wanaotwanga wajua kwamba mchi ukifika juu lazima usimame kidogo ndipo ushuke. Pistoni nayo hufanya hivyo mara maelfu kwa dakika: hupanda, husimama, hushuka, husimama. Kusimama na kugeuka huko ndiko kunakoitetemesha injini.

Wankel alifikiri hivi: kwa nini kitu cha ndani kipande na kushuka, na hali magurudumu yenyewe yanazunguka? Je, hakiwezi nacho kuzunguka tu tangu mwanzo?

Mwaka 1951 alianza kufanya kazi pamoja na NSU. Tarehe 1 Februari 1957 injini ya kwanza ya namna yake iliwashwa Neckarsulm, ikazunguka. Mwaka 1958 injinia wa NSU aitwaye Hanns Dieter Paschke aliibadili ili iwe rahisi zaidi kuundwa, na umbo hilo la Paschke ndilo lililoingia katika motokaa.

Umbo lenyewe ni hili. Fikirini sambusa yenye pembe tatu, na mbavu zake zimefura kidogo. Hiyo ndiyo rota, na ni ya chuma. Rota hukaa ndani ya chumba chenye umbo kama tarakimu ya 8 iliyonenepa sana, ikabaki kubonyea kidogo tu katikati. Rota ikizunguka, pembe zake tatu hupita zikigusa ukuta wa chumba daima. Kati ya ubavu wa rota na ukuta hubaki nafasi ambayo huwa kubwa, kisha ndogo, kisha kubwa tena. Nafasi ikikua, huvuta hewa na petroli. Ikipungua, huvibana. Hapo plagi hutoa cheche, petroli huwaka, na nguvu ya moto huisukuma rota. Mwisho moshi hutolewa nje. Kila rota izungukapo mara 1, shafti ya injini huzunguka mara 3.

Injini hii ilikuwa ndogo na nyepesi. Ilikuwa na vipande vichache, tena haikuwa na valvu. Zaidi ya yote ilizunguka laini, bila kutetemeka. Si ajabu kwamba kampuni nyingi za Ulaya, Marekani na Japani zilikuja Neckarsulm kulipa fedha ili zipewe haki ya kuiunda.

PEMBE TATU

Sasa twafika kwenye neno letu la pili. Kila fundi wa gereji ajua kwamba pistoni huvaa ringi. Kazi ya ringi ni kuzuia nguvu ya moto isipenye kati ya pistoni na silinda. Rota nayo ina haja ya kizuizi kama hicho, nacho huwekwa katika kila pembe: kipande chembamba kilichochomekwa katika mfereji kwenye ncha, kinachosukumwa na springi ili kiguse ukuta. Mafundi hukiita sili. Sili ni kitu chochote kizuiacho upenyo.

Ringi ya pistoni kazi yake ni ngumu, lakini huenda njia moja tu, juu na chini, tena hulala vizuri juu ya ukuta wa silinda. Sili ya pembe hugusa ukuta kwa ncha yake tu. Tena wakati inapopita, mara huinama upande huu, mara upande huu mwingine, kwa kuwa ukuta wenyewe umepinda. Husugua hivyo mara maelfu kwa dakika, katika joto kali. Sili ikilika, nguvu hupenya. Nguvu ikipenya, gari huwa gumu kuwaka, hupoteza mbio, na hunywa petroli zaidi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika injini hii ufa wenyewe haukuonekana kwa jicho.

GARI LENYEWE

NSU ilianza na gari dogo la watu wawili, liitwalo Spider, lililouzwa tangu mwaka 1964. Lilikuwa na rota 1. Mnamo Septemba 1967, katika maonyesho ya magari ya Frankfurt, NSU ikaonyesha gari lake kubwa, Ro 80, lenye rota 2.

Watu walisimama wakalitazama. Magari mengi ya siku zile yalikuwa na umbo la sanduku, lakini hili, lililochorwa na Claus Luthe, lilikuwa na pua ya chini na mkia ulioinuka, likipasua upepo kwa urahisi. Vioo vyake vilikuwa vikubwa, na ndani palikuwa na nafasi tele. Injini ilisukuma magurudumu ya mbele, na magurudumu yote manne yalikuwa na breki za diski. Usukani ulisaidiwa na mtambo, hata ulikuwa mwepesi mkononi. Nguvu ya injini ilikuwa farasi 115, na gari liliweza kukimbia kilomita 180 kwa saa. Bei yake ilikuwa mark 14,150 za Kijerumani, zaidi ya mara mbili ya bei ya Volkswagen ndogo ya wakati huo.

Waandishi wa habari za magari wa nchi za Ulaya walilichagua kuwa Gari la Mwaka 1968. Halikuwapo gari la Kijerumani lililopata heshima hiyo kabla yake.

MARADHI YA RO 80

Sasa na tuyatazame maradhi ya gari hili moja moja, kama mganga amtazamavyo mgonjwa. Msikimbilie kusema, "injini ilikuwa mbaya." Mwanafunzi wa historia huzitenganisha sababu, kisha huzipima.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa sili. Katika magari ya mwanzo kila sili iligawanyika vipande vitatu: kimoja kirefu cha katikati na viwili vidogo vya mwishoni, vyote vya madini ya namna moja. Kipande cha katikati kililika upesi kuliko vyenzake, hasa injini ilipowashwa ikiwa baridi. Kikisha kulika, vile viwili vya mwishoni hulegea, na nguvu hupenya. Kwa hiyo gari lililosafiri mbali katika barabara kuu, injini yake ikiwa imepata moto vizuri, liliweza kudumu. Bali gari lililowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa safari fupi za mjini lilichakaa upesi. Injini nyingi zilikufa kabla ya kilomita 50,000, na nyingine zilianza kusumbua zilipofika kilomita 24,000 tu. Mtu aliyelipa fedha za gari la anasa hakutazamia jambo hilo.

Ugonjwa wa pili ulizaliwa na uzuri wa injini yenyewe. Injini ya kawaida ikizidishiwa mwendo hunguruma na kutetemeka, na dereva huambiwa na masikio yake kwamba apunguze. Injini ya Wankel haikulalamika. Iliendelea kuzunguka laini hata ilipopita kipimo chake. Dereva asiyetazama saa ya mzunguko aliweza kuiumiza bila kujua.

Ugonjwa wa tatu ulikuwa katika gia. Ro 80 haikuwa na pedali ya klachi. Kifundo cha mti wa gia kilikuwa na swichi ya umeme: dereva akikigusa, klachi huachia. Ulikuwa ufundi wa kupendeza. Lakini madereva wengi wana desturi ya kupumzisha mkono juu ya mti wa gia, na katika gari hili mkono uliopumzika ulitosha kuiachisha klachi wakati gari linakwenda.

Ugonjwa wa nne ulikuwa wa kiu. Gari lilikunywa petroli nyingi, mara nyingi lita 13 mpaka 18 kwa kilomita 100. Tena injini ya namna hii huchoma oili kidogo kwa makusudi, ili sili zipate kulainishwa. Mwenye gari asiyepima oili yake mara kwa mara alikuwa anajichimbia shimo mwenyewe.

Ugonjwa wa tano haukuwa ndani ya gari. Ulikuwa katika gereji. Mafundi wa Ujerumani walikuwa hodari, lakini walijifunza ufundi wao juu ya pistoni. Hii ilikuwa injini ngeni. Gari likija halina nguvu, huenda shida ni plagi tu au kabureta, nao hawakuweza kutambua. Basi waliitoa injini nzima na kuirudisha Neckarsulm, na nyingine zilipofunguliwa kiwandani zilionekana hazina ubovu mkubwa. Kwa hiyo hesabu ya injini zilizorudishwa ilizidi hesabu ya injini zilizokufa.

DHAMANA

Hapa twafika kwenye neno la tatu. Dhamana ni ahadi ya mwuzaji kwamba bidhaa ikiharibika kabla ya muda fulani, yeye mwenyewe ataitengeneza au kuibadilisha bila malipo.

NSU ilitimiza ahadi yake, tena kwa ukarimu. Mwenye gari alipoleta injini mbovu, alipewa nyingine. Ikiharibika hiyo, alipewa nyingine tena. Husimuliwa kwamba wenye Ro 80 wakipishana barabarani walisalimiana kwa kuinua vidole: kidole kimoja kwa kila injini mpya waliyokwisha kupewa. Wao walicheka. Lakini huko Neckarsulm kila kidole kilikuwa hasara ya injini nzima.

Hebu tupime jambo hili kwa haki. Kampuni ingeweza kuwakana wanunuzi na kusema, "Mmeliendesha vibaya." Haikufanya hivyo. Ilikuwa njia ya uungwana. Lakini uungwana una gharama, na kampuni ndogo haina akiba ya kulipia kosa moja mara maelfu. Ahadi kama ile yafaa kutolewa na mtu aliyekwisha kukijaribu chombo chake mpaka akakijua. NSU ilitoa ahadi kwanza. Ujuzi ukaja nyuma, nao ulijifunziwa juu ya magari ya wanunuzi.

ANGUKO

Mwaka 1969 NSU iliunganishwa na Auto Union, kampuni iliyokuwa mali ya Volkswagen. Kampuni mpya ikaitwa Audi NSU Auto Union, na Volkswagen ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa ndani yake. Gharama za dhamana hazikuwa sababu ya pekee. NSU ilikuwa ndogo tangu mwanzo, na kuanzisha gari kubwa la namna mpya kulikuwa kumekula fedha nyingi. Gharama za injini zilikuja juu ya mzigo uliokuwa mzito tayari.

Sasa sikieni jambo la kusikitisha. Mainjinia waliupata ugonjwa wa sili. Kipande cha katikati kikaundwa kwa madini magumu zaidi yaitwayo Ferrotic, na kwa magari ya mwaka 1970 sehemu kubwa ya shida ilikuwa imekwisha. Aliyenunua Ro 80 baada ya hapo alipata gari lililo bora zaidi kuliko la mwaka 1967. Lakini wanunuzi walikuwa wamekwisha kusikia habari za vidole. Chuma kilipona kwa miaka 3, jina halikupona.

Kisha mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafula duniani kote. Huku kwetu Afrika ya Mashariki tuliuona uzito wake katika bei ya petroli na ya mafuta ya taa. Ujerumani ya Magharibi serikali ilikataza watu wasiendeshe magari yao kwa Jumapili nne, kuanzia tarehe 25 Novemba 1973. Wakati kama huo nani angenunua gari lenye kiu?

Mwaka 1975 ilisemwa kwamba huenda kiwanda cha Neckarsulm kikafungwa. Fikirini maana yake kwa mji mdogo: baba afanya kazi pale, mwana afanya kazi pale, mwenye duka la mkate auza mkate wake kwa watu wa pale. Mwezi wa Aprili mwaka huo maelfu ya wafanyakazi walitoka wakaandamana kwa miguu mpaka mji wa jirani wa Heilbronn, kudai kazi yao isiondolewe. Wengi walipoteza kazi hata hivyo, lakini kiwanda hakikufungwa. Kilipewa kazi ya kuunda gari la Porsche 924, nayo ilisaidia kukiokoa.

Ro 80 ya mwisho iliundwa mwaka 1977. Kwa miaka 10 yote yaliundwa magari 37,000 na ushei tu. Na mwaka 1985 kampuni ikabadili jina lake ikaitwa Audi peke yake. Zile herufi tatu mlizozitafuta katika jina la mji zikaondoka katika jina la kampuni.

JIRANI ALIYEPITA NJIA ILE ILE

Ili tujue kama kosa lilikuwa katika wazo au katika haraka, na tuvuke bahari twende Japani. Katika mji wa Hiroshima ilikuwako kampuni ya Toyo Kogyo, iliyouza magari kwa jina la Mazda. Nayo ilinunua haki ya kuunda injini ya Wankel, mwaka 1961. Mainjinia 47 waliwekwa chini ya Kenichi Yamamoto, wakaambiwa waishinde.

Waliona ugonjwa ule ule. Sili zilikwaruza ukuta wa chumba zikaacha mistari, nao wakaiita mistari ile kucha za shetani. Walijaribu madini ya namna nyingi. Mwishowe walifanikiwa kwa kuchanganya kaboni na alumini. Kisha, kabla ya kuuza, waliunda makumi ya magari ya majaribio, wakawapa mawakala wao sehemu mbalimbali za Japani wayaendeshe. Gari lao la kwanza la injini hiyo, Cosmo Sport, liliuzwa tangu Mei 1967, nalo lilikuwa gari dogo la watu wawili, lililoundwa kwa hesabu ndogo.

Mazda nayo iliteswa na bei ya petroli baada ya mwaka 1973, kwa maana kiu ya injini ile haikuponywa na sili nzuri. Lakini haikuiacha. Mwaka 1991 gari lake la rota 4 lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le mans, Ufaransa, na mwaka 2023 ilianza kuunda tena injini ndogo ya rota kwa kazi ya kuzalisha umeme ndani ya gari.

Na wenye Ro 80 kuukuu walifanyaje? Huko Uingereza wengine walichoka, wakaitoa injini ya Wankel wakaweka injini fupi ya Ford ya silinda 4. Wengine baadaye wakaweka injini ya rota ya Mazda. Gari la Neckarsulm likatembezwa na wazo la Neckarsulm, lililomaliziwa kulelewa Hiroshima.

TUMEJIFUNZA NINI?

Sasa tulirudie swali letu. Kwa nini NSU ilipoteza uhuru wake? Jibu fupi ni sili. Lakini ninyi sasa mwajua kwamba jibu fupi halitoshi. Sili ilikuwa mbovu, na ikatengenezwa. Kilichoiangusha kampuni ni kwamba sili ile ilikutana na mambo mengine: mfuko mdogo, ahadi kubwa, gari ghali lililotoka kabla halijajaribiwa vya kutosha, na mafundi ambao hawakuwa wamefundishwa. Ondoeni moja katika hayo, huenda habari ingekuwa nyingine.

Jambo hili la mafundi lawahusu ninyi hasa, mnaojifunza kusoma. Kila chombo kipya huja na kitabu chake. Fundi asiyekisoma atakitengeneza chombo kipya kwa mazoea ya chombo cha zamani, na atatoa kizima akitupe. Dereva asiyekisoma atakiua bila kukusudia. Ikiwa wewe unanunua gari kuukuu, hata likiwa la fahari, usitazame rangi na viti peke yake. Liwashe likiwa baridi, usikilize. Pima oili. Uliza limekunywa petroli kiasi gani, na injini imefunguliwa mara ngapi. Tena uliza kama katika mji wako yuko fundi anayeijua injini ile. Kama hayupo, bei ndogo ya leo itakuwa kubwa kesho.

MASWALI YA DARASA

1. Herufi N, S na U zilitolewa katika jina gani?
2. Eleza kazi ya sili kwa maneno yako mwenyewe. Ikipenda, tumia mfano wa chombo cha nyumbani kwako.
3. Shafti ya injini ya Wankel ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, rota huzunguka mara ngapi?
4. Gari linakunywa lita 15 kwa kilomita 100. Safari ya kilomita 300 itahitaji lita ngapi?
5. Kwa nini injini nyingine zilirudishwa kiwandani na hali hazikuwa na ubovu mkubwa?
6. Jadilianeni: Je, NSU ilifanya vyema kuwapa wanunuzi injini mpya bila malipo? Wengine watetee kampuni, wengine wawatetee wafanyakazi wa Neckarsulm. Mwalimu aandike hoja za pande zote mbili ubaoni.

Wanafunzi wapenzi, somo letu limekwisha. Majibu yaandikwe kwa wino, kila mtu kwa mkono wake. Kwaherini mpaka somo lijalo.